Mahindi Kwenye Goli la Kambini

Ukitoka Kilosa kwenda Mikumi, baada ya Kilangali utapita Kambini bila kujua kama umepita. Ni nyumba chache za tofali za kuchoma, kanisa, msikiti mdogo na banda la mabati la Beda, fundi baiskeli. Mbele kidogo ya banda hilo, mkono wa kushoto, utaona mahindi yamestawi vizuri, na katikati ya mahindi vyuma viwili vyenye kutu vimechomoza. Wageni hudhani ni nguzo zilizosahauliwa na mkandarasi. Ni goli. Nimefunga mabao pale hadi nikachoka kushangilia, na leo kila nikipita na basi nageuzia uso dirisha la upande wa pili, maana nikitazama nitatukana mbele za watu.

Babu yake Beda alikuwa manamba. Alitoka Songea kwa mkataba wa kukata mkonge, mkataba ukaisha, shamba likafa, yeye akabaki. Ndivyo tulivyobaki wengi pale Kambini. Uwanja wenyewe ulikuwa mahali pa kuanikia katani, tambarare safi, na vyuma vya goli vilikuwa vya kufungia waya za kuanikia. Beda aliikuta hiyo tambarare imelala tu. Ujanani aliichezea timu moja ya Kilosa mjini, winga wa kushoto mwenye mbio za kutisha, mpaka goti lilipomkatalia. Akarudi nyumbani, akafungua banda la baiskeli, akaoa, akanyamaza.

Hakuna aliyemwajiri kuwa kocha. Watoto walikuja bandani kuomba pampu wajaze mpira wao, wakishajaza hawaondoki. Akaanza kwenda nao uwanjani jioni, akichechemea nyuma yao na kufoka. Baadaye shirika moja la Morogoro likasikia habari zake. Wakaja vijana waungwana wenye fulana za rangi moja, wakaleta mipira, vitabu na maneno mengi. Maneno Beda aliwaachia wenyewe, mipira na vitabu akachukua.

Mipira aliitia kwenye kiroba cha mbolea, akakifunga mdomo kwa kipande cha tyubu ya baiskeli na kukining'iniza kwenye goli. Kiroba hakifunguliwi mpaka kila mtu amesoma. Tena si kimoyomoyo, ni kwa sauti, huku mwenzako anakusikiliza. Kila mkubwa alipewa mdogo wake wa kumlea: amsikilize akisoma, ajue kwa nini jana hakwenda shule, ajue kama nyumbani kumepikwa. Tulilalamika sana. Jua linazama, miguu inawasha, na Beda amekaa juu ya ndoo, mkono sikioni, anasema, "Sijasikia. Rudia." Ukibabaisha neno moja, timu nzima inakusubiri, na hakuna mwalimu mkali kama timu inayosubiri mpira.

Mimi Natalia niliingia pale nikiwa msichana mkubwa nisiyeweza kumaliza mstari mmoja wa kitabu. Leo nashona nguo Mikumi, kandokando ya barabara kuu, nina cherehani zangu na mafundi wangu, na mteja akiniandikia meseji ndefu naisoma hadi mwisho na kumjibu kwa madaha. Sikupata hayo kwa mtu mwingine.

Mdogo niliyekabidhiwa mimi aliitwa Tumwagile, binti wa mzee Bonifas. Alikuwa kipa. Aliruka hadi ukafumba macho kwa kuogopa ataangukaje, kisha ukiyafumbua unamkuta amelala chini, ameukumbatia mpira, anacheka. Kusoma alinipita haraka, na sikuona wivu. Niliona fahari, kana kwamba nimemzaa.

Basi ulikuja msimu wa maneno. Kwetu ardhi isiyoota kitu huitwa pori, hata kama watoto wanaikanyaga kila jioni. Godfrey, mwenyekiti wa kitongoji, alipita bandani kutia viraka, akasema huku anatazama pembeni, "Beda, pale uwanjani patagawiwa. Wakulima wanaomba mashamba, wafugaji wanaomba malisho, na pale pako tupu."

"Pana watoto pale, mwenyekiti."

"Watoto hawaoti, Beda."

Beda alikosa usingizi. Alikwenda kwa mzee Bonifas, mtu mzima mwenye busara za mashamba, baba wa kipa wake. Mzee akamsikiliza, akampa dawa. "Mwanangu, zungushia mbaazi. Wazazi tutapanda mstari mmoja pembezoni, kila nyumba kipande chake. Nani atathubutu kugawa mahali penye mazao ya watu?"

Ilikuwa akili, sitasema uongo. Mtu wa mjini angekimbilia ofisini kutafuta mhuri. Sisi tunajua mhuri wa kwetu ni kitu kilichoota. Mbaazi zikapandwa, zikarefuka, zikawa uzio mzuri unaozuia mpira usiende barabarani. Wadogo walisomea kwenye kivuli chake. Habari za kugawa zikafa. Beda akamshukuru mzee Bonifas mbele ya watu wote, akamshika mkono kwa mikono miwili.

Msimu uliofuata, ndani ya mbaazi ukaongezwa mstari wa mahindi. Mmoja tu. Msimu wa pili ukazaa mwenzake. Beda alikuwa akichora mstari wa uwanja kwa majivu, na kila akichora anasogea ndani kidogo, anacheka, anasema sasa tutajifunza pasi fupi. Kona ya upande wa barabara ikaondoka, tukawa tunapiga kona kutoka mahali ambapo zamani palikuwa ndani ya boksi. Mpira ukiingia mahindini ilikuwa marufuku kuufuata. Anaitwa mwenye mahindi aje auchukue, na mwenye mahindi hana haraka. Mechi inasimama, watu ishirini na ushee wanamtazama mama mmoja anakuja taratibu amejifunga kanga, anapanga miguu kati ya miche yake.

Nilikuwa nimeshahamia Mikumi, lakini nikija nyumbani nilimwambia. "Kocha, wanakumaliza."

"Ni wazazi wa watoto wangu, Natalia. Nikigombana na baba mtu, kesho ananinyima mtoto. Nitabaki na uwanja mpana nicheze na nani?"

Nilikasirika. Na hasira yangu kwa mzee Bonifas ilikuwa na aibu ndani yake, maana shamba lake la bondeni lilikuwa limezolewa na mafuriko, mchanga umelala juu ya kila kitu. Njaa yake ilikuwa ya kweli. Lakini njaa ya kweli nayo ina adabu zake, na yeye hakuwahi kusema neno. Alisogea tu, jembe kwa jembe, huku akimsalimia Beda kila asubuhi kwa upole.

Kisha shirika likaleta habari njema, na habari hiyo ndiyo iliyotumaliza. Walitaka kujenga chumba cha kusomea pembeni ya uwanja na kuleta mashindano ya wasichana pale pale Kambini. Walimu wa shule moja ya bweni Morogoro wangekuja kuangalia wachezaji wa kuwachukua na kuwasomesha. Jina la Tumwagile walishalisikia. Alikuwa kidato cha pili, na baba yake alishaanza kuulizwa na watu habari za posa. Sharti lilikuwa moja: kitongoji kikutane, kiseme mbele ya watu kwamba uwanja ni wa watoto.

Beda alinipigia simu. "Njoo usikie kwa masikio yako," akasema, sauti yake ya kijana kabisa. Nikafunga kazi, nikaenda.

Ugomvi wa mashamba kwetu hauamuliwi mezani. Watu mnakwenda shambani, kila mwenye kupanda anasimama na watu wa nyumba yake juu ya alichopanda, wengine wanatazama. Aliyesimama juu ya mazao yake, ardhi inakuwa yake. Beda aliijua desturi hiyo kama sisi sote, lakini sidhani ilimpitia kichwani kuwa siku hiyo ingetumika. Alikuja na kiroba chake cha mipira begani kwa ajili ya mazoezi ya baadaye. Alikuwa amevaa shati la kanisani.

Godfrey akaeleza habari ya shirika, akaieleza vizuri tu. Halafu akasema, "Basi tusibishane. Kila mtu asimame kwenye chake."

Watu wakatawanyika. Mahindi yalikuwa yamefika magotini. Mmoja baada ya mwingine wakaingia kwenye mistari yao, na wake zao, na wakwe zao, na watoto wao. Watoto! Mabeki wetu, mawinga wetu, kila mmoja akaitwa na mama yake, akaenda akasimama. Wangefanya nini? Hakuna mtoto anayesimama upande mwingine na nyumba yao siku kama hiyo. Mzee Bonifas alisimama kati ya vyuma viwili, maana mistari yake ilikuwa imeshafika hapo, na Tumwagile pembeni yake, ndani ya goli, mikono nyuma. Beda alibaki katikati, kwenye kijisehemu cha udongo mtupu kilichosalia, peke yake na kiroba.

"Tulikubaliana mbaazi ni uzio," akasema.

"Tulikubaliana, mwanangu," mzee Bonifas akajibu, bila hasira hata kidogo. "Na uzio umelinda. Kuna mgeni aliyegawiwa hapa? Hakuna. Sasa nakuuliza kwa heshima zote. Wewe ulipanda nini hapa?"

Nilishindwa kuvumilia. Nikapiga kelele, "Mzee Bonifas, shikamoo yako, lakini mwanao kafundishwa kusoma na nani?"

Mke wake akanigeukia. "Natalia, una mstari hapa? Huna. Nenda kashone Mikumi."

Watu wakacheka. Nilicheka nao kidogo, Mungu anisamehe, kwa jinsi nilivyofedheheka.

Mtu mwingine angepata maneno ya kujibu. Angesema amepanda watoto, angesema elimu ni mbegu, wale vijana wa fulana wangeandika. Beda si mtu wa maneno hayo. Alimtazama Tumwagile muda mrefu. Alitaka binti aseme kitu, nadhani, na mimi nilitaka hivyo, nilimkazia macho mpaka yakauma. Tumwagile akatazama miguu yake. Beda akakishusha kiroba chini, taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo nyumbani kwake, akakiacha pale, akaenda zake bandani akichechemea.

Wageni wa Morogoro walikuja baada ya siku chache. Wakaegesha gari, wakatazama mahindi, wakauliza kwa adabu uwanja uko wapi. Hawakumlaumu mtu. Mipira waliikusanya, vitabu wakavipakia, mradi wakaupeleka Magole ambako watu waliwaonyesha kiwanja kipana kisicho na maneno. Nasikia unaendelea vizuri. Nawatakia heri watoto wa Magole, na nikisema hivyo meno yananiuma.

Tumwagile hakuacha shule ghafla. Kwanza ilikuwa palizi, siku mbili tatu. Kisha mahindi yakaanza kukomaa, na ngedere wa kwetu hawana simile, ikabidi mtu akae shambani kuyaamia tangu alfajiri mpaka jioni. Mzee Bonifas akamkalisha binti yake pale, kwenye kigoda, kati ya vyuma viwili, na kombeo na kopo la kugonga. Nilimkuta siku moja. Ngedere alitokea upande wa kushoto na yeye akaruka, nakwambia aliruka kama zamani, mikono mbele, akaanguka juu ya mabua. Aliponiona alisimama, akajipangusa, akasema, "Shikamoo, dada." Nilimwitikia. Nilipofika njiani nililia kwa hasira, si kwa huzuni.

Baada ya mavuno alitumwa bandani kwa Beda. Nilikuwepo, nimepeleka baiskeli ya fundi wangu. Alikuja na mzigo kichwani, akautua. Kilikuwa kile kiroba cha mbolea, kimejaa mahindi makavu ambayo hayajapukuchuliwa, kimefungwa mdomo kwa kile kile kipande cha tyubu.

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba anakusalimia. Anasema mavuno yamekuwa mazuri, na wewe una sehemu yako. Nikufungulie kiroba?"

Beda alifuta mikono kwenye tambara. Akavuta ile ndoo yake, akakaa, akaweka mkono sikioni.

"Soma kwanza," akasema.

Tumwagile alicheka. Kisha akaona kuwa kocha hacheki, akaacha. Akatazama huku na huku bandani, kwenye matairi, kwenye minyororo, kwenye kopo la gundi. Hakukuwa na kitabu. Midomo yake ilijongea kidogo. Akasema ana kazi nyumbani, akaaga, akatoka akitembea haraka, na barabarani akaanza kukimbia.

Tangu siku ile kiroba kimening'inizwa kwenye boriti ya banda, hakijafunguliwa. Mkewe amenung'unika, majirani wamesema ni kiburi, mimi mwenyewe nilimwambia ayasage ale, mahindi hayana kosa. Hasikii. Wadudu wa dumuzi wameshaingia humo ndani. Kila asubuhi unga mweupe unakuwa umedondoka sakafuni chini ya kiroba, na Beda anachukua ufagio, anaufagia mpaka nje, kisha anaanza kazi.