Mpaka Ambao Chepchirchir Hakuonyeshwa

Chepchirchir alipopata barua ya kujiunga na chuo kikuu pale Njoro, aliandika ya kwake kuomba aahirishiwe mwaka mmoja. Alitaka kuiona dunia kwanza. Yeye na Najwa, rafiki yake wa bweni kutoka Nakuru mjini, walivuka Busia kwa vitambulisho tu, wakakaa Uganda kidogo, halafu wakatua Rwanda. Huko Musanze walifagia vyumba katika hosteli ya watalii, wakapewa kitanda na chakula, na siku za mapumziko wakapanda milima. Walifurahi, na mimi sitawanyima furaha hiyo. Umri wao ulikuwa wa kufurahi.

Nyumbani Keringet alibaki baba yake, Mzee Kimaiyo, aliyefiwa na mkewe zamani, na viazi vyake. Chepchirchir ndiye mtoto wake pekee. Wapo wazee wanaodhani shamba haliwezi kumjua binti. Kimaiyo hakuwa mmoja wao. Alitaka kumtembeza mpakani mwa shamba kabla hajaenda chuo, hasa upande wa chini, kando ya kijito. Pale yeye na jirani yake Zeddy walibadilishana vipande vya ardhi miaka mingi iliyopita, wakapeana mikono, bila karatasi wala mpimaji. Zeddy alikuwa ameshazikwa. Aliyebaki akijua ni Kimaiyo peke yake.

Mwezi wa nane alimpigia binti yake simu, akamwomba aje hata kwa siku mbili. Chepchirchir akasema atakuja Disemba. Tena, kwa ule werevu wa vijana wetu wanaodhani kila kitu kinaingia kwenye simu, akamshauri baba ashuke kijitoni na mtu wa kumpiga video, amtumie.

“Mpaka hauonyeshwi kwa simu,” mzee akasema. “Mpaka unakanyagwa. Mimi nakanyaga, wewe unakanyaga nyuma yangu, ndio unajua.”

“Sawa, baba. Disemba tutakanyaga.”

Majuto ni mjukuu, husema watu. Ya Chepchirchir hayakungoja hivyo. Oktoba mzee alianguka shambani akivuna viazi, nusu ya mwili ikapooza na ulimi ukafungwa. Chepchirchir alisafiri siku mbili, akamkuta baba anayemtambua vizuri lakini asiyeweza kumwambia neno.

Mwaka uliofuata alianza masomo. Likizo moja, Micah, mwana wa Zeddy, akaja kusema anataka kuweka ua. Chepchirchir alitamani Micah awe mkorofi, wagombane, chifu aitwe. Hakuwa hivyo. Alikuja na nguzo zake na heshima zake.

“Mimi baba hakuniambia kitu,” alisema. “Lakini najua mzee alikuonyesha. Wewe sema ni wapi, hapo ndio nitachimba.”

Angeweza kusema hajui. Aliona aibu, akanyamaza, na hilo analijutia kuliko hata ile Disemba. Akamshika baba mkono, wakashuka polepole hadi kijitoni. Mzee akasimama kwenye nyasi, akapiga chini kwa mkongojo, akasogea hatua kadhaa, akapiga tena, akasogea tena. Mdomo ulihangaika. Ni pale pa kwanza, au pa mwisho? Chepchirchir alimuuliza mara tatu, na kila mara mzee alitoa sauti ile ile, machozi yakimtoka.

Aliogopa kumdhulumu Micah, basi akachagua mahali pa nyuma kabisa, upande wao, ili kama amekosea hasara iwe yake. Aliona huo ndio uungwana. Micah akachimba, akasimamisha nguzo, akashukuru.

Mzee Kimaiyo aliitazama ile nguzo kwa muda. Kisha akamtazama binti yake, akauchomoa mkono wake kutoka mkononi mwake, akageuka na kupanda kilima peke yake, akiburuta mguu.