Siku Abti Alipoiona Mvua

Mwezi uliopita nilirudi Modogashe kwa arusi, nikaenda kuutafuta uwanja uliokuwa nyuma ya gereji ya Abti, mjomba wangu. Umejaa maduka. Nilisimama pale, rafiki yangu, hadi muuza chai akaniuliza nimepoteza nini.

Abti, mdogo wake mama, alikuwa fundi wa malori. Mwaka ule wa ukame, mbuzi wetu wakifa mmoja mmoja, yeye alikuwa akiunda ndege. Injini aliitoa kwenye pikipiki mbovu, mwili akauchomelea kwa mabomba, mabawa akayafunika turubai. Watu walimcheka. Ayeyo, bibi yangu, hakucheka. Alikoroga chai yake ya maziwa ya ngamia, yenye harufu ya moshi na iliki, akamkataza kuruka: "Ardhi imekukosea nini, mwanangu?"

Lakini turubai lilipochanika, ni yeye aliyechukua sindano yake kubwa ya kushonea mikeka. Mimi nilishika kitambaa. Alishona bawa lote midomo ikicheza kwa dua.

"Hooyo, si umenikataza?" Abti akamuuliza mama yake.

"Nimekukataza. Sasa kama huna masikio, usipande na tambara."

Akaruka kutoka uwanja ule baada ya sala ya alasiri. Vumbi lilitimka, ngamia wakatawanyika, na ile ndege, wallahi, ikaiacha ardhi! Ikapita juu ya migunga, wanawake wakapiga vigelegele. Akazunguka taratibu. Kisha injini ikakohoa, ikanyamaza.

Tulimkuta kwenye kichaka cha miiba, mkono umevunjika. Ayeyo alifika bila viatu, akamkamata uso kwa mikono miwili.

"Hooyo," Abti akasema huku akilia na kucheka, "nimeona mvua. Kule kaskazini inanyesha, na chini yake kuna kijani."

Alfajiri wajomba wengine wakawaswaga mbuzi waliobaki kuelekea huko. Wakayakuta majani. Mbuzi hao ndio waliotulea.

Mkono wa Abti uliunga kombo, hakuruka tena. Yeye na Ayeyo wote wametangulia mbele ya haki. Siku hizi habari za mvua huja kwa simu, na ni za kweli. Lakini hakuna tena anayezileta akivuja damu, akiwa na furaha kiasi kile, akimwambia mama yake kwanza.