Beseni la Mama Keji

Jamani, leo beseni limenyamazisha mkutano mzima wa baraza la mji.

Mnajua mimi ndiye karani. Asubuhi yote nimeandika habari za maji machafu, mpaka saa saba kanuni ikapita: atakayeyamwaga barabarani, kibanda chake kinafungwa siku hiyo hiyo.

Mikono yote juu. Makofi.

Halafu chakula kikaja.

Anayetupikia ni Mama Keji, mwenye kibanda cha chai mbele ya ofisi. Ameshaonywa mara mbili kwa maji ya vyombo.

Akatunawisha mmoja mmoja kama kawaida, kuanzia kwa mwenyekiti. Akimaliza huwa anamwaga nje ya mlango, na mlango wetu unatazama barabara.

Leo alifika mlangoni na beseni akasimama. Akageuka.

"Mheshimiwa, mimi iko nauliza tu. Hii maji ya mikono yenu namwaga wapi?"

Mwenyekiti akamtazama mhandisi wa mji. Mhandisi akatazama mkate wa kisra kwenye sahani yake. Jengo letu halina shimo wala mtaro, na sote tunajua.

Mwenyekiti alikuwa amekunja uso, nikasema moyoni, kibanda ndio basi.

"Karani," akasema mwishowe, "mpokee."

Wakala, wakaenda zao.

Sasa ni saa kumi na moja. Niko peke yangu na beseni, liko mezani kando ya kanuni inayosubiri muhuri. Mama Keji amekaa kibandani kwake, ananitazama kupitia dirisha.

Nyinyi wenye akili, niambieni. Nimwage wapi?