Jiwe Juu ya Magugumaji

Mwenye ardhi alipotupa jiwe ndani ya bwawa letu, halikuzama. Lilikaa juu ya magugumaji kama limewekwa mezani. Akatugeukia akasema wapangaji wake wamechoka na mbu; mvua ikianza kabla hatujayaondoa, ataleta malori ya mchanga alifukie bwawa lote.

Bwawa lenyewe ni shimo la machimbo ya mawe yaliyoachwa, huku Njiru. Maji yake ndiyo humwagilia sukuma wiki ya mama. Magoti yake yaliharibikia sokoni Gikomba, kwa miaka ya kubeba marobota ya nguo. Kazi pekee aliyobaki nayo ni hii ambayo anaweza kuifanya akiwa ameketi kwenye kigoda. Bwawa likifukiwa, basi.

Majirani wakapanga kazi kila Jumamosi. Mimi nilikuwa nimesoma kwamba kipande kimoja cha gugumaji kikibaki, huanza upya, na nikawaambia. Jirani yetu anayetengeneza akala, viatu vya tairi, kule soko la Kariokor hakuinua hata kichwa.

"Profesa, hicho kimoja tutakuachia wewe. Sisi acha tutoe hivi vingine."

Walinicheka, nikashika reki.

Kila mtu alisafisha upande wa shamba lake. Jioni maji yalionekana, lakini kesho yake upande huu au ule ulikuwa umejaa tena. Watu wakaanza kutazamana vibaya. Jumamosi ya tatu, mama mwenye mchicha ng'ambo ya pili alishindwa kuvumilia.

"Dada, takataka zako usinisukumie mimi!"

"Zangu?" mama akajibu. "Kwani nilizipanda?"

Majirani wawili wakafungasha reki zao wakaenda nyumbani. Niliona kazi yote inavunjika.

Lakini nani angeamka usiku kwenda kusukuma magugu? Jumapili nilifunga kitambaa chekundu kwenye gugu moja upande wetu, nikaketi kulitazama. Mchana upepo ulipoanza, kitambaa kiliondoka polepole, kikazidi kwenda mpaka kikagusa mchicha wa yule mama. Nikamwita.

Alikitazama kitambaa, kisha akapaza sauti kuvuka maji. "Dada! Kumbe ni upepo. Nisamehe."

"Yameisha. Jumamosi uje na reki."

Tukaacha kugawana bwawa. Fundi wa akala alileta mabaki ya tairi, akayakata mikanda mirefu, tukaiunganisha na kuifungia chupa tupu za plastiki ili ielee. Tuliivuta kutoka kila upande kama wavu, tukayakusanya magugu kwenye kona moja, tukayatoa na kuyaanika mbali juu ya mawe. Ilichukua Jumamosi nyingi. Mama alimwagilia huku akichungulia mawingu.

Mwenye ardhi alirudi siku ambayo anga ilikuwa nyeusi tayari. Akaokota jiwe, akatupa. Chubwi. Alisubiri kidogo, kama anayetaka lirudi juu.

"Sawa," akasema, akaenda zake.

Mama alijiachia kwenye kigoda, akacheka mpaka machozi yakamtoka, mikono juu ya magoti. Mvua ikaanza kutupiga, na hakuna aliyekimbia.

"Profesa," fundi akaniita, "na kile kipande kimoja?"

Bado nakitafuta. Kila Jumamosi nazunguka bwawa na ndoo. Wiki iliyopita nilipata viwili, vidogo kama kiganja, nikafurahi kwamba ni viwili tu.