Wifi Yangu na Mimba Mbili

Nimeuza masweta ya mitumba sokoni Makambako miaka kumi na sita. Nimegombana na wateja wa kila aina, wanaojaribu sweta wakaondoka nalo, wanaorudisha sweta likiwa limeshafuliwa. Lakini mtu aliyenitoa jasho katikati ya baridi ya Juni ni mmoja tu: Scolastika, mke wa mdogo wangu Alois. Mchapakazi, mpole wa sauti, na mbishi hujapata kuona.

Mwaka juzi alikuwa na mimba ya mtoto wa tatu. Wakati huohuo, bandani kwake huko Mahongole, nguruwe wake naye alikuwa na mimba. Nguruwe huyo alimwita Mheshimiwa, na kweli aliishi kama mheshimiwa.

Siku Mheshimiwa alipopandishwa, Scolastika aliandika tarehe kwa mkaa kwenye ukuta wa banda. Akahesabu miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, akaandika na tarehe ya kuzaa. Akamwita bwana mifugo, Lameki, aje kumkagua. Akanunua mashudu, akaongeza mboga za majani. Hata sindano za madini ya chuma, zile wanazochomwa watoto wa nguruwe siku ya tatu ili wasipungukiwe damu, alishaziagiza kabla hao watoto hawajazaliwa.

Na mimba yake mwenyewe? Kadi ya kliniki ilikuwa sandukuni, chini ya mashuka. Nilipomuuliza anajifungua lini, akatazama dari.

"Mwishoni mwa mwezi wa sita, wifi. Au wa saba mwanzoni. Mtoto atakuja tu, anajua njia."

"Anajua njia!" nikasema. "Na yule wa pili, naye alijua njia?"

Yule wa pili alizaliwa nyumbani, asubuhi ya mvua, na mtoto alipotoka damu ya mama haikukoma. Tulimbeba kwenye blanketi mpaka barabarani, tukasimamisha lori la viazi, akafika hospitali hajitambui. Alipopona, muuguzi wa pale hospitali ya misheni, Margareth, alituambia waziwazi kwamba aliyevuja damu namna ile anaweza kuvuja tena. Mimba ijayo Scolastika asikae nyumbani wiki mbili za mwisho, aje alale chigonela. Hiyo ni nyumba ndani ya uzio wa hospitali. Wajawazito wa mbali na wenye hatari huenda na blanketi zao, kuni zao na viazi vyao, wanapika, wanapiga soga, wanasubiri uchungu hatua chache tu kutoka kwa wakunga.

Basi mimba ilipofika miezi saba nilimkokota Scolastika kliniki, na Alois nikamkokota vilevile. Wakampima damu. Nane! Nao wanataka angalau kumi na moja. Margareth akashangaa.

"Mama, vidonge vya kuongeza damu humezi?"

"Nameza kila siku, sista."

"Unamezea nini?"

"Chai ya rangi. Nzito. Kwa baridi hii, sista, mtu atamezea maji?"

Margareth akaweka kalamu chini. "Ndiyo maana. Chai inazuia chuma kisiingie mwilini. Unajipa dawa kwa mkono mmoja, unajinyang'anya kwa mkono wa pili. Meza na maji, ukipata na chungwa ni vizuri zaidi. Chai isubiri zipite saa mbili. Na mayai yako usiyapeleke yote sokoni. Kula na wewe, na maharage, na dagaa, na mboga za majani."

"Mboga za majani anazo, sista," nikadakia, "ila zinaliwa na Mheshimiwa."

"Mheshimiwa gani?" akauliza Margareth. Scolastika akanikanyaga mguu chini ya meza.

Siku hiyohiyo Alois alipelekwa kuchangia damu, iwepo akiba. Mdogo wangu huyu, mwanaume mrefu anayebeba gunia la viazi peke yake, alianguka kabla sindano haijamgusa. Wakamlaza, wakamtoa damu hivyohivyo akiwa amefumba macho na kusali.

Kuanzia hapo nikawa askari wa chai. Kila jioni nikishafunga masweta yangu nampigia Alois. "Amemezea nini?" Alois ni mtu wa amani, anajibu, "Maji, dada." Siku moja alikawia kidogo kujibu. Nikapanda bodaboda mpaka Mahongole, upepo ukinikata masikio, nikakuta kikombe cha chai kinafuka mvuke na kidonge kiko mkononi. Niliyoyasema sitayarudia hapa. Padri alinipa malipizi ya wiki nzima.

Lakini damu ilipanda! Tisa, kisha kumi, kisha kumi nukta tano. Nikaona tumeshashinda. Zilipobaki wiki mbili nikafika na bodaboda mbili, moja ya mama na moja ya mzigo. Nikamkuta Scolastika amekaa kwenye kigoda mbele ya banda.

"Siendi, wifi," akasema, tena kwa upole. "Mheshimiwa anazaa wiki hii. Ni uzao wake wa kwanza, anaweza kuwalalia watoto. Nikishamaliza naye, nitakuja."

Nikaingia ndani kuangalia begi lake la kujifungulia. Kanga mbili na pamba, basi. Beseni jipya nililomnunulia mwenyewe liko wapi? Nikalikuta bandani, Mheshimiwa anakula humo, tena anakula kwa madaha.

Hapo nikapandisha sauti. "Wewe Scolastika! Nguruwe akifa tutanunua mwingine. Wewe tutakununua wapi? Mnada gani?"

Alois akatazama viatu vyake. Scolastika hakupandisha sauti hata kidogo. "Nani atamzalisha? Alois akiona damu anaanguka. Unamjua."

"Nitamzalisha mimi!"

Jamani, mdomo huu! Mimi ambaye nikipita karibu na banda la nguruwe nafunika pua kwa kitenge. Scolastika akanigeukia.

"Utalala hapa?"

"Nitalala."

"Apa."

Nikaapa kwa Bikira Maria. Akainuka, akanawa mikono, akapanda bodaboda. Beseni nililisugua kwa sabuni na maji ya moto mara tatu, na kila nikisugua namtaja mwenye nguruwe.

Siku ya tano, asubuhi, Mheshimiwa akaanza kukusanya nyasi kwa mdomo. Nikampigia Scolastika. Akaniweka kwenye spika, na chigonela yote ikajaa kwenye simu yangu, maana wanawake wale hawakuwa na kazi nyingine.

"Jiko la mkaa umewasha? Lisogeze pembeni!"

"Nimesogeza!"

"Akitoka wa kwanza mfute pua kwa kitambaa kikavu!"

"Kitambaa gani? Sina kitambaa!"

"Chochote!" wakapiga kelele wanawake ishirini.

Nikamfuta kwa sweta. Sweta zuri la sufu, la daraja la kwanza, nililokuwa nimelivaa mwenyewe. Yule kiumbe akapiga chafya, akaanza kutafuta titi. Simuni vigelegele! Kila nikitaja mwingine, vigelegele. Wa tatu, wa nne, wa sita. Alois alikuwa nje ya banda amegeuza uso, ananipitishia nyasi kavu kwa nyuma. Nami, Mungu anisamehe, nikaanza kufurahia kazi ile.

Baada ya wa tisa Scolastika akasema, "Wifi," kisha akapumua kwa nguvu. "Endelea peke yako. Wangu naye ameanza."

Simu ikakatika.

Watoto wawili wa mwisho niliwatoa bila kumsikiliza mtu. Nikamwita jirani akae na Mheshimiwa, tukapanda bodaboda mimi na Alois, tunanuka vile tulivyo. Dereva aliendesha ameinamisha kichwa mbele.

Tulipofika, mtoto alikuwa ameshazaliwa. Msichana. Alois akaanza kucheka, ndipo Margareth akatoka ndani, aproni yake ina damu mpaka kiunoni. Alois akaketi mwenyewe kabla hajaanguka.

"Amevuja tena," Margareth akasema. "Kama mara ile. Ila safari hii mkunga alikuwa amesimama kando yake, sindano iko tayari, damu ya kumwongezea iko kwenye friji. Imekoma. Yuko salama."

"Ilichukua muda gani?" nikauliza.

"Dakika chache."

Sisi kutoka Mahongole tulikuwa tumetumia dakika arobaini, tena bodaboda ikiwa mlangoni na barabara ikiwa kavu. Nikakaa palepale sakafuni nikalia, watu wakawa wananipita kwa mbali kwa sababu ya harufu.

Jioni, nilipokwisha kuoga na kuazimwa kanga, wakaniruhusu kuingia. Mtoto alikuwa amelala kifuani kwa mama yake. Midomo ya Scolastika ilikuwa imepauka. Mimi, kwa tabia yangu, nikaanza. "Umeona? Si nilikwambia? Tungekuacha na ubishi wako ule, leo tungekuwa tunasema nini?"

Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Wifi, haukuwa ubishi," akasema. "Nilikuwa naogopa kufa. Nikiifikiria siku yangu, nalia. Ya nguruwe niliweza kuifikiria."

Miezi yote ile! Nikamtazama. "Sasa kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ningekuambia saa ngapi?" akasema. "Ulikuwa unapiga kelele."

Nikavuta kiti, nikakaa karibu naye, nikamwambia anisimulie yote, kuanzia ile asubuhi ya mvua. Akaanza kusimulia polepole, nami nikanyamaza mpaka alipomaliza.