Figo ya Dada Iliyopona Bila Kisu

Dada yangu mkubwa analima karoti kwenye miteremko ya juu ya Bigwa. Msimu wa masika aliteleza na mzigo kichwani, akaporomoka, ubavu wake wa kushoto ukapiga jiwe. Aliinuka akajipangusa matope. Alipokwenda kukojoa akaona damu tupu.

Mume wake alimteremsha kwa bodaboda, mimi na mama tukawakuta hospitali ya mjini. Baada ya picha za ndani kupigwa, daktari, mwanamama wa makamo mwenye sauti ya chini, alitueleza kwamba figo ya kushoto imepasuka.

Mama akauliza atapasuliwa saa ngapi. Daktari akasema hatapasuliwa. Mama hakuelewa, wala mimi. Zamani mjomba wetu aliangukiwa na gogo, akapasuliwa siku ileile na figo ikatolewa.

"Mwanangu anavuja damu ndani, nanyi mnamtazama tu?" mama akauliza.

Daktari akavuta kiti, akaketi karibu yake. "Mama, damu imeganda pale na imejibana yenyewe. Nikifungua tumbo leo nitaiachia ivuje tena, halafu huenda nikalazimika kuitoa figo yote. Akitulia kitandani, ina nafasi kubwa ya kujiunga."

Akaongeza kwamba damu isipokata, atampeleka Dar, ambako wanapitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa pajani hadi kwenye figo na kuziba panapovuja. Kisu kingekuwa cha mwisho.

Basi dada akalazwa chali, yeye asiyejua kukaa. Kutazama tu, nilikuja kugundua, ni kazi nzito. Wauguzi walimpima presha kila mara, wakamtoa damu kuangalia wingi wake, wakabonyeza tumbo lake taratibu. Mkojo kwenye mfuko aliowekewa ulikuwa mwekundu kama juisi ya rosela, ukawa kama chai ya rangi, kisha siku moja asubuhi ukawa mkojo wa kawaida. Muuguzi alitabasamu, akaenda mwenyewe kumwita daktari.

Dada alikatazwa kubeba mizigo kwa miezi kadhaa, na alitii kwa shida. Tuliporudi kupiga picha nyingine, daktari akatuonyesha figo: nzima, ina kovu jembamba. Mama aliitazama kwa muda mrefu, kisha akamgeukia daktari.

"Wazazi wako wanaishi wapi, mwanangu? Nataka niende kuwapa mkono wa asante."