Soya Vijiko Vitatu

Kwa miaka kumi na miwili Karangwa alitengeneza stuli za kukalia watu asiowajua. Karakana yake ilikuwa Gisozi, katika Agakiriro, soko la mafundi, pale ambapo misumeno huanza kulia asubuhi na mapema na vumbi la mbao huingia hadi kwenye chai. Na hakuna fundi mwenzake aliyethubutu kusema kwamba stuli ya Karangwa iliwahi kuyumba. Chini ya kila kiti alichora kwa msumari wa moto mistari mitatu mifupi, ili kazi yake isije ikaitwa ya mtu mwingine. Nyumbani kwake Batsinda, jikoni, palikuwa na stuli moja tu, ya plastiki, yenye mguu uliopasuka. Mkewe aliomba mpya tangu binti yao Sangwa alipokuwa darasa la pili. Sasa Sangwa alikuwa bweni, mwaka wa tatu wa sekondari, na ule mguu ulikuwa bado umepasuka.

Mke huyo ni Connie, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke aliyelelewa Kampala na kukipata Kiswahili chake kwa mumewe, ambaye naye alikulia Ngara, upande wa Tanzania. Siku tano kwa juma Connie alisimama mbele ya watoto wapatao sitini. Jioni alisimama mbele ya jiko. Karangwa hakuona ajabu yoyote katika hilo. Ajabu ni kwamba yeye huyo huyo ndiye aliyenyanyuka katika mkutano wa familia wa mtaa, mbele ya majirani wote na kiongozi wa isibo, yaani wa nyumba zao chache za jirani, akahutubu kwa dakika kumi kwamba enzi za mwanamume kusubiri sahani zimekwisha. Alipigiwa makofi. Kisha akaenda nyumbani, akaketi sebuleni, akasubiri sahani. Wanaume wa namna hiyo ni wengi katika mji huu, na ni makofi yetu yanayowanenepesha.

Nyumba za Batsinda zimejengwa karibu karibu, na ukuta hauzuii kitu. Jirani wa mkono wa kulia alikuwa Évode, dereva, ambaye kwa miaka minne aliwaendesha Wachina waliokuwa wakijenga barabara, akakaa kambini mwao na kula chakula chao, na hatimaye akajifunza kukipika. Mkewe Natacha alikuwa muuguzi huko Ndera. Jumamosi Natacha alipotoka zamu ya asubuhi, Évode ndiye aliyeingia jikoni, naye Natacha alimwita rafiki yake Connie aje wale pamoja. Ndani ya dakika ishirini harufu ya tangawizi na kitunguu saumu ilivuka ukuta. Na baada ya harufu kilivuka kicheko.

Kicheko hicho ndicho kilichomtesa Karangwa. Alikijua. Kilikuwa kicheko cha Connie wa zamani, kinachoanzia tumboni na kupasuka mwishoni kama mtu aliyepaliwa, na ndani ya nyumba yake hakuwa amekisikia kwa muda ambao aliogopa kuuhesabu. Aliketi na redio yake, akaongeza sauti, akaipunguza ili asikie vizuri zaidi, kisha akajichukia kwa kuipunguza.

Mwanzoni alijitetea kwa neno. Kwa Kinyarwanda mwanamume anayetawaliwa na mkewe huitwa inganzwa, na Karangwa alilibandika neno hilo kwa Évode karakanani, mbele ya Nizeyimana, fundi mwenzake ambaye pia alikuwa jirani yao wa Batsinda.

"Umemwona inganzwa wetu?" aliuliza. "Jana alikuwa anachambua vitunguu, amejifunga khanga ya mkewe!"

Nizeyimana alicheka hadi akaweka randa chini. "Mwache apike, bwana. Shida si kupika. Shida ni mke wa nani anakula."

Alisema kwa mzaha. Lakini Karangwa alilibeba neno lile nyumbani kama kibanzi kilichoingia chini ya ukucha, na Ijumaa iliyofuata Connie, bila kujua, alikisukuma ndani zaidi.

"Baba Sangwa," alisema akisahihisha madaftari, "kuanzia sasa Jumamosi usiningoje. Nitakuachia chakula kwenye sufuria, upashe. Mimi nitakuwa kwa Natacha."

"Kila Jumamosi?"

"Kila Jumamosi."

"Kwani kule kuna nini ambacho hapa hakipo?"

Connie alimtazama kama mwalimu anayeamua kama mwanafunzi huyu anastahili jibu. "Tambi," alisema, akarudi kwenye madaftari.

Basi, tambi! Karangwa hakulala vizuri. Alitaka kitu kimoja tu duniani: kicheko kile kirudi upande wake wa ukuta. Na kwa kuwa alikuwa fundi, aliamini kwamba kitu chochote kilichotengenezwa na mtu mwingine kinaweza kuigwa, ukikitazama vya kutosha.

Jambo la busara lingekuwa kugonga mlango wa jirani na kuuliza. Hakugonga. Jumamosi ile aliinama chini ya dirisha la jiko la Évode akijifanya anasugua viatu vyake vya kazi, akasugua kiatu kimoja kwa robo saa. Connie mwenyewe ndiye aliyekuwa akiuliza, na Évode akijibu kwa Kiswahili chake cha Kigali, kisichotofautisha r na l.

"Hii iko chakura ya haraka, Mama Sangwa. Nyama ya kusaga, unaikaanga mpaka maji inaisha. Kitunguu saumu na tangawizi, nyingi. Sukari, kidogo tu. Tambi unachemsha pembeni, usiache irale kwa maji, itakuwa raini sana."

"Na ile rangi?"

"Rangi iko soya! Mwisho kabisa. Soya vijiko vitatu, unakoroga, basi."

Soya vijiko vitatu. Karangwa aliondoka na kiatu kimoja kinachong'aa.

Jumamosi iliyofuata, Connie akiwa bado shuleni kwenye kikao cha wazazi, Karangwa alikwenda buchani na kusagiwa nusu kilo ya nyama. Dukani alichukua pakiti mbili za tambi nyembamba na kitunguu saumu, kisha akaomba soya. Mwenye duka hakuuliza swali. Katika mtaa wetu soya ni soya, ni ule unga wa manjano ambao kila mama huutia kwenye uji wa mtoto. Alimpa mfuko wa nusu kilo.

Kwa nusu saa mambo yalikwenda vyema kiasi cha kumpa kiburi. Vitunguu alivikata sawasawa kama mtu anayekata viungo vya meza. Nyama ilichemka, ikakauka, ikaanza kunukia, tangawizi ikapanda, na Karangwa, peke yake mbele ya jiko la gesi, alijisikia akisema kwa sauti, "Kumbe ni hivi tu? Kwa hivi tu ndiyo anachekewa?" Akazimimina tambi juu ya nyama. Akapima vijiko vitatu vya unga vilivyojaa. Akakoroga.

Rangi haikuja. Akaongeza vijiko vingine viwili. Sufuria ilianza kuvuta mwiko. Ule unga ulikunywa mafuta na maji yote, ukazifunga tambi zikawa donge moja la rangi ya udongo, lenye harufu ya uji ulioungua na tangawizi. Alipoinua mwiko, donge zima liliinuka nalo.

Hapo ndipo Connie alipoingia. Alisimama mlangoni na mkoba wake begani. Alitazama sufuria, akatazama mfuko wa unga, akamtazama mumewe, aliyekuwa na unga hadi kwenye nyusi.

"Nani mgonjwa?" aliuliza.

"Hakuna mgonjwa. Nakupikia tambi. Zile za Évode wako."

"Évode wangu?"

"Si ndiye anayekuchekesha? Mimi sijui kuchekesha, lakini kupika nimeona ni kazi kama kazi nyingine. Nimeweka soya vijiko vitatu kama alivyosema, na nikaongeza."

Alijua kosa lake pale pale, si la soya, bali la kusema "kama alivyosema". Connie aliweka mkoba chini polepole.

"Kwa hiyo kile kiatu kilichokuwa kikisuguliwa chini ya dirisha kilikuwa wewe."

Karangwa alizima jiko.

"Sikiliza, Karangwa." Hakumwita Baba Sangwa. "Unafikiri naenda kule kwa ajili ya yule mwanamume? Sijali uso wa Évode. Zile tambi zenyewe, siku nyingine zina chumvi. Kule mimi nakaa. Unaelewa? Nakaa chini, mtu mwingine amesimama, na hakuna anayeniuliza chumvi iko wapi. Wewe unakaliwa na nusu ya Kigali. Mimi hapa nitakaa wapi?"

Na ule mguu uliopasuka wa stuli ya plastiki ulikuwa hapo kati yao, kwa wote wawili kuuona.

Mtu mwenye wivu hutamani sana kwamba adui awe mtu. Karangwa aligundua kwamba adui yake alikuwa kiti, na bado wivu haukumtoka. Ulibadili tu mahali pa kuuma. Alifuta nyusi. Kwenye kabati kulikuwa bado na pakiti ya pili ya tambi, na nyama kidogo aliyokuwa ameitenga. Alitoka nje na bakuli tupu mkononi.

Nizeyimana alikuwa mlangoni kwake akitengeneza mnyororo wa baiskeli. "Ee, Karangwa! Unaenda kuomba chakula kwa inganzwa?"

"Naenda kuomba soya," alisema Karangwa. "Na hilo neno nilikupa mimi. Sasa nirudishie."

Évode alifungua mlango akiwa na khanga kiunoni, akasikiliza kisa chote, akajitahidi kwa heshima kutocheka, akashindwa. "Soya ya uji! Haki ya Mungu! Rafiki yangu, hii iko maji, nyeusi, kwa chupa." Akammiminia nusu bakuli. "Ungeuliza tu. Ningekupa hata juzi."

Karangwa hakusikia maneno ya mwisho. Kando ya jiko la Évode, mahali penye mwanga wa dirisha, palikuwa na stuli ya msonobari, imara, iliyong'aa kwa kukaliwa. Aliinama akapapasa chini yake. Mistari mitatu.

"Hii nilinunua kwa mchuuzi kule Gisozi," alisema Évode. "Mama Sangwa anaipenda sana. Iko nguvu. Fundi wake simujui."

Yaani mkewe alikuwa akikalia kazi ya mikono yake katika jiko la mwanamume mwingine, na kucheka. Karangwa aliionea wivu stuli yake mwenyewe kuliko alivyowahi kumwonea mtu yeyote.

"Niazime," alisema.

"Soya nimekupa tayari."

"Stuli. Niazime mpaka kesho."

Akavuka uwanja mara ya pili, bakuli mkono mmoja, stuli kichwani kama mwanamke atokaye sokoni. Nizeyimana alifungua mdomo, akaufunga, akaurudia mnyororo wake.

Jikoni Karangwa aliiweka stuli karibu na dirisha. "Kaa," alisema, na kwa kuwa hakuzoea kuomba, akaongeza, "tafadhali." Connie alikaa. Karangwa alipika tena, dakika ishirini hasa, na soya ya chupa ikaipa nyama rangi ile ya kahawia inayong'aa. Mara mbili mdomo wake ulifunguka kuuliza chumvi iko wapi, na mara mbili akaufunga na kuitafuta mwenyewe.

Connie alikula hadi sahani ikawa tupu. "Chumvi nyingi kuliko za Évode," alisema mwishoni.

Karangwa alihisi kile kibanzi kikisogea. Kisha Connie akateremsha mkono ili kuivuta stuli karibu na meza, vidole vyake vikagusa kitu chini ya kiti, vikasimama. Aliinuka, akaipindua. Mistari hiyo aliijua kuwa ya mumewe; alikuwa amekung'uta vumbi la mbao mifukoni mwake kwa miaka kumi na miwili.

"Wewe!" alisema. "Jumamosi zote hizi, kumbe nilikuwa nimekukalia wewe!"

Na kicheko kikaja, kutoka tumboni, kikapasuka mwishoni kama mtu aliyepaliwa. Ng'ambo ya ukuta sauti ya sahani kwa Évode ilikoma ghafla. Karangwa aliyeyuka kwa furaha. Lakini kwanza, kabla ya furaha, alisogea akafungua dirisha, ili jirani asikie vizuri.